Mgeni na jembe

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakuchukia wageni, walijua tu kama mwenye nyumba naye anahitaji nafasi.

Tuangalie Venice, kule Italia. Watalii wanafika mamilioni kila mwaka. Nyumba nyingi zikageuzwa za kulaza wageni, bei ikapanda, wenyeji wakahama. Mwaka 2022 wakaaji wa mji wa kale walishuka chini ya 50.000. Mwaka 2024 mji ukaanza kulipisha mgeni wa siku moja euro 5. Watu wanalipa na wanaingia tu. Pesa si jembe.

Amani ikirudi kwetu Kivu, watalii nao watarudi Kahuzi-Biega na Nyiragongo. Basi tupange mapema: kwanza nyumba ya mwenyeji, kisha kitanda cha mgeni.