Fundi Hakulewa

Baba alikuwa fundi cherehani Ngamiani, Tanga, na katika maisha yake sikuwahi kusikia kwamba ameonja pombe. Ndiyo maana neno la mteja mmoja lilituuma.

Ilikuwa mwaka 1994, msimu wa harusi. Kila asubuhi baba alitoa chupa ya insulini kwenye mtungi wa udongo, maana friji hatukuwa nayo, akajichoma pajani, kisha akanywa chai na mkate. Jumamosi moja mteja huyo alibisha hodi kabla chai haijaiva. Baba akaona heri amalize gauni kwanza. Lakini insulini ikishaingia haimngoji mtu ale; inaendelea kushusha sukari iliyomo mwilini.

Saa nne nilimkuta anashonea mkono wa gauni shingoni. Shati limelowa chepechepe, vidole vinatetemeka. Nilipomwamkia aliniita kwa jina la marehemu kaka yake, kisha akanifokea. Mteja akakusanya kitambaa chake: "Fundi kalewa asubuhi yote hii!"

Mama akaja na bilauri ya maji, kakorogea vijiko vitatu vya sukari. Baba akausukuma mkono wake. "Sitaki, siumwi!"

"Kunywa, baba watoto, halafu utanigombeza."

Akanywa. Baada ya robo saa hivi aliliangalia gauni, akauliza, "Nani kaharibu kazi ya watu?" Hakukumbuka lolote. Mama akamletea mkate, kwani sukari ya bilauri hupanda upesi na haikai.

Mwaka uliofuata, usiku mmoja, hakuamka kabisa. Jirani mmoja akaleta asali ammiminie mdomoni, mwingine akataka ubani ufukizwe, akidai ni pepo. Mama alikataa yote mawili: asiyejitambua hamezi, atapaliwa. Tukamlaza ubavu, tukatafuta teksi. Hospitali walimchoma glukosi kwenye mshipa, na sindano ikiwa bado mkononi akafumbua macho, akaulizia viatu vyake.

Tangu hapo droo ya cherehani haikukosa pakiti ya glukosi. Miaka baadaye tulipopata mashine ya kupimia, nikajua kwamba ile hali ina namba: sukari ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita imeshashuka. Wakati huo mwili wa baba, uliozoea kushukiwa na sukari, ulikuwa umeacha kumpa dalili. Jasho halikumtoka tena, wala mikono haikutetemeka. Kwa hiyo tulisikiliza cherehani. Ikinyamaza kupita kiasi, mmoja wetu alikwenda kuchungulia.

Yule mteja hakurudi, na uvumi wake ulimtangulia baba msikitini kwa miezi. Nawe ukimkuta mtu asubuhi anatokwa jasho, maneno yanampotea, usimwite mlevi. Muulize kwanza kama amekula.