Kumheshimu Mama si Kumkalisha Kitako

Katika nyumba zetu nyingi iko ada inayopendwa, nayo ni hii: mama akitimiza miaka 70, watoto na wajukuu humwambia, "Mama, sasa pumzika." Huondolewa ufagio mkononi, akakatazwa ndoo, akazuiliwa kwenda sokoni, akatandikiwa mkeka barazani na chakula akaletewa hapo hapo. Nia yao ni njema, wala hapana haki ya kuwalaumu kwa nia hiyo. Lakini nia njema haiondoi madhara, na mapumziko ya namna hii yanamdhuru mama katika mwili wake, na zaidi katika akili yake.

Jambo hili limetufikia sisi wenyewe, hapa Kitangiri, Ilemela. Mama yangu mkubwa ana miaka 76. Siku zote isipokuwa Ijumaa huteremka kwa miguu kati ya majabali hata Mwaloni, Kirumba, akauza dagaa. Kusoma alijifunza ukubwani, katika kisomo cha watu wazima kilichoendeshwa katika mikoa ya Ziwa, makao yake Mwanza, tangu 1968 hata 1972 kwa msaada wa UNESCO. Mpaka leo huandika mwenyewe daftari la wadeni wake: nani kachukua sado ngapi, kwa bei gani, na nani kalipa nusu. Mwaka huu binti zake walileta shauri kwamba aache biashara, akae ndani, wao wamlishe. Nilipoulizwa sikuafiki, na hoja zangu ni hizi.

Kwanza, kutembea si kazi ya miguu peke yake. Ubongo ndio upimao hatua, ukashika mizani ya mwili, ukaona jiwe lililo mbele, na huku ukakumbuka safari ni ya wapi. Mwaka 1997 matabibu wa Uswidi walieleza habari za wazee 58 waliozungumzishwa huku wakitembea. Wazee 12 walisimama mazungumzo yalipoanza, na katika hao 12, 10 walianguka katika miezi 6 iliyofuata. Maana yake ni wazi: ubongo uliopungukiwa na nguvu hushindwa kuzigawa katika kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mwendo wa mzee ukianza kuzorota pasipo kidonda wala maumivu ya goti, yamkini ni habari ya akili iliyotangulia kufika.

Pili, mambo haya mawili hudhuriana. Akili ikidhoofika, mwendo hudhoofika. Na mwili ukikaa bure, akili nayo hupata hasara. Shinikizo la damu na kisukari huharibu mishipa myembamba ya ubongo, na kutembea husaidia kuyazuia maradhi yote mawili. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayozidisha hatari ya maradhi ya kupotewa na akili uzeeni. Miongoni mwake ni kukaa bila ya kuutumia mwili, upweke, uziwi, uoni hafifu usiotibiwa, na elimu haba. Wala tusidhani ya kuwa maradhi haya ni ya Ulaya tu. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watu wa miaka 70 na zaidi walipochunguzwa, yapata 6 katika kila 100 walionekana kuwa nayo. Basi sokoni mama hupata dawa tatu asizozinunua: mwendo, hesabu na mazungumzo.

Tatu, na hili ndilo zito katika mikoa yetu. Vikongwe wengi wameuawa huku kwa kutuhumiwa uchawi, na macho yao mekundu, ambayo mara nyingi ni athari ya moshi wa jikoni, yakafanywa ushahidi. Mama anayetangatanga usiku, au anayesema peke yake, au anayesahau majina ya wanawe, ni mgonjwa. Lakini jirani asiyejua atanong'ona neno jingine. Mlinzi wake wa kwanza ni yule aliyeyaona mabadiliko mapema, akampeleka hospitali, akawaeleza majirani. Na yule aliyeketishwa chumbani peke yake, ni nani atakayeyaona?

Nyumba ya Kiislamu inayo mizani ya kila siku. Sala 5 zina rakaa 17, na ndani yake mna kusimama, kurukuu, kusujudu na kuinuka, pamoja na visomo na hesabu. Asiyeweza kusimama ameruhusiwa kusali ameketi, na ruhusa hiyo ni rehema. Lakini mama aliyezoea kuinuka bila ya kushika ukuta, kisha akaanza kuushika. Au aliyekuwa hakosei idadi ya rakaa, kisha akawa akikosea mara kwa mara, huyo asiachwe hivi hivi. Apelekwe akapimwe shinikizo la damu, sukari, macho na masikio.

Binti zake walisikiliza, nao wakatoa hoja yao, ambayo ni ya haki: mifupa ya mwanamke hupungua nguvu sana baada ya kukoma hedhi, na anguko moja juu ya mawe laweza kuvunja nyonga na kumlaza kitandani asiinuke tena. Tukaafikiana hivi: gunia lichukuliwe kwa bajaji, mjukuu afuatane naye katika mteremko, na arudi kabla ya jua kali. Daftari libaki mkononi mwake.

Nawe msomaji, ukiwa na mama nyumbani, mpunguzie mzigo lakini usimwondolee kazi. Mwachie achague mchele, ahesabu fedha za matumizi, aende kwa jirani kwa miguu yake, awafundishe watoto. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 ya kuwa hata wazee waushughulishe mwili dakika 150 hadi 300 kwa wiki, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Hizo ni kama dakika 30 kwa siku, wala hazihitaji fedha. Zinahitaji mtu wa kufuatana naye, na mtu huyo ni wewe.