Moshi wa Jikoni na Ahadi za Paris

Mama anapomleta mtoto mwenye kikohozi kisichokwisha, sisi wauguzi humwuliza maswali yale yale: kimeanza lini, anapumuaje usiku, ana homa? Linastahili kuongezwa na hili: Mama, unapikia nini, na wapi? Maana huku Kariakoo na Ilala, mvua ikinyesha, wapangaji wa nyumba moja huingiza majiko yao ya mkaa kwenye korido, na watoto wako humo humo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano.

Akina mama wapenzi, habari ya moshi huu imefika mbali. Tarehe 14 Mei 2024 mataifa yalikutana Paris, Ufaransa, kuzungumzia nishati safi ya kupikia Afrika, na Rais wetu Samia Suluhu Hassan alikuwa mmoja wa wenyeviti. Ziliahidiwa dola bilioni 2.2. Siku chache kabla, serikali ilizindua mkakati wa kuwafikishia nishati hiyo asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Wakubwa wanahofia misitu inayoisha na joto la dunia, sisi tunahofia vifua vya watoto. Si neno, safari ni moja.

Lakini mkaa huuzwa kwa kopo. Ukipata fedha kidogo jioni, usiku huo huo watoto wanakula. Mtungi wa gesi, hata ule mdogo wa kilo 6, unataka fedha nyingi kwa mara moja. Ndiyo maana kikundi chetu cha kanisa kikitembelea wagonjwa, mara nyingi tunaukuta mtungi pembeni umefunikwa kitambaa, mtupu, na jiko la mkaa linawaka. Kugawa mitungi bure kunapendeza kwenye picha. Kazi iko kwenye kuijaza tena.

Tena gesi hiyo huja kwa meli. Wengine hudhani ndiyo ya Songo Songo, iliyoanza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. La, ile huendesha zaidi mitambo ya umeme na viwanda. Ya mtungini hununuliwa nje, kwa hiyo vita vya Ukraine vilipozuka mwaka 2022, bei ya nishati ilipanda duniani na sisi tukaumia.

Kwa maoni yetu, fedha zilizoahidiwa Paris zimsaidie mama kununua gesi kama anavyonunua mkaa. Mita za kulipia kwa simu, kwa kiasi ulichonacho, zimekwisha kutumika hapa hapa mjini. Zienezwe hadi kwa mama lishe. Wakati tunangoja, kikundi chetu kina upatu wa gesi: kila wiki tunachanga, na mmoja wetu anajaziwa mtungi.

Maharage na makande bado tunapikia mkaa, ila uani, mbali na watoto. Usiku jiko haliingii chumbani hata mvua ikinyesha vipi. Hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina harufu, nayo humwua mtu akiwa usingizini.