Pamba nusura ziniue!

Haya msomaji, wiki hii tupo Unyamwezini, ila si kule kwa maghorofa unakokuona kwenye video. Tupo porini, jimbo la Maine, kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani, mwanzoni mwa Oktoba. Majani ya miti yamegeuka mekundu na manjano, utadhani mtu kamwaga rangi. Usidanganyike. Uzuri huo ni tarishi wa baridi.

Huku ndiko inakoishia njia ya miguu ya Appalachian: kilomita 3,500 hivi, majimbo 14, kuanzia Georgia hadi mlima Katahdin. Wenyewe huanza Machi au Aprili, wakatembea miezi mitano, sita. Mimi sikuwa na ubavu huo. Nilidandia kipande cha mwisho tu, kilomita 160 za msitu kuanzia mji mdogo wa Monson. Pale mwanzoni pana kibao kinakuonya: usiingie bila chakula cha siku kumi.

Sasa sikia ujinga. Katahdin una mita 1,606, haufiki hata theluthi ya Kilimanjaro. Mtoto wa Bongo nikasema, aah, kichuguu hiki! Nikapiga pamba zangu: jinzi mpya, fulana, na jaketi la jinzi juu. Njiani kila mtembeaji hupewa jina la utani. Mzee mmoja aliyekuwa anatembea tangu Machi akanitazama, akacheka: "Wewe ni Jinzi." Nami nikamwita Babu.

Siku ya nne tukavuka mto Pleasant kwa miguu, hakuna daraja. Ng'ambo mvua ikatukuta, huku tunaukabili mlima White Cap. Jinzi ikalowa, ikawa nzito kama zege. Nikatetemeka mpaka meno yakagongana. Baadaye nikaacha kutetemeka, nikajisikia poa kabisa. Nikataka nikae chini, nilale kidogo.

Babu akageuka, akaniuliza jina langu. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba nasubiri daladala ya Mwenge.

Hakucheka. Alinikokota hadi kwenye kibanda cha watembeaji, kile cha mbao chenye kuta tatu, akanivua kila kitu, akanifuta, akanitia kwenye mfuko wa kulalia na kunivika kofia yake ya sufu. Nilipoweza kushika kikombe akaninywesha maji moto yenye sukari. Muda mrefu ukapita, kisha kutetemeka kukarudi. Babu akashusha pumzi.

Ndipo akanipa somo. Mwili unaotetemeka bado unapigana. Ukiacha, na baridi bado imo, ujue unashindwa, na akili inatangulia kuondoka. Nguo ya pamba ikilowa inakunyonya joto. Sufu hata ikilowa inakubakizia.

Tulilala pale siku mbili, na hapo nikaelewa gharama yake. Hifadhi ya Baxter, ulipo Katahdin, huwashauri watembeaji wamalize kabla ya 15 Oktoba, maana baada ya hapo hali ya hewa inaweza kuufunga mlima siku yoyote. Mtu katembea miezi saba, halafu siku zake zinaliwa na bishoo wa Ilala! Hakunilaumu hata mara moja. Alinipa suruali yake ya akiba, ya sufu.

Tulifika chini ya mlima tarehe 14. Umefungwa. Usiku ule Babu hakulala, nilimsikia. Asubuhi ukafunguliwa.

Nilipanda naye hadi kwenye majabali yenye vyuma vya kushikia. Vidole vyangu vikagoma. Safari hii sikujifanya kidume. "Babu, nenda," nikamwambia, nikashuka kumsubiri.

Alirudi jioni, macho mekundu. Kibao cha kileleni alikishika.

Mimi kileleni sikufika, sioni haya kusema. Vidole ninavyo vyote kumi, na suruali ya Babu ipo kabatini. Jinzi? Hiyo siku hizi navaa disko tu.