Moto wa Tumbo, Kutoka Moshi Hadi Horombo

Moshi mjini. Babu wa Kihindi anayeuza viungo alinifungia mvuje kwenye karatasi, kisha akauliza ni nani anayeumwa tumbo. Nikamjibu hakuna, ninaandika tu habari za matumbo. Hakucheka. "Basi andika hivi: mtu anakula cha jioni wakati cha mchana bado hakijashuka. Matatizo mengine yanaanzia hapo."

Hakuyabuni. Charaka Samhita, kitabu cha tiba ya Ayurveda kilichokusanywa takriban miaka 2,000 iliyopita, kina sura nzima, ya 15 katika sehemu ya matibabu, inayoeleza kinachoharibu agni, moto unaomeng'enya chakula. Orodha yake ni ndefu: kushinda na njaa, kula juu ya chakula ambacho hakijasagika, kuvimbiwa, kula saa zisizoeleweka, vyakula vizito, vya baridi, vikavu au vilivyoharibika, maradhi yanayokondesha, kuzuia haja, na mabadiliko ya mahali, hewa na majira. Kwingineko kitabu kinaongeza huzuni, hofu, hasira na kukesha. Moto ukififia, chakula hubaki nusu kibichi mwilini, kama kuni mbichi zilizosongamana jikoni: moshi mwingi, joto hakuna.

Kwetu Tanga nusu ya orodha hiyo wazee wanaijua bila kusoma Charaka. Hata mwiko wa kula samaki na maziwa tunao, nao Charaka anautaja waziwazi: maziwa ni baridi, samaki ni moto, na vikikutana vinagombana. Nilidhani mwiko wa namna hiyo ungenisubiri mlimani Kilimanjaro pia.

Marangu. Haukunisubiri. Hapa husimuliwa mlaso, damu ya mnyama iliyochanganywa na maziwa na mafuta, chakula cha kumrudishia nguvu mwanamke aliyejifungua. Mganga wa Ayurveda angeshika kichwa. Mimi mwenyewe nilishika changu kidogo.

Lakini kwenye mtori tulielewana. Bibi aliyenikaribisha alikuwa anampikia mzazi wa jirani: ndizi mshare zimechemka pamoja na mifupa hadi zimelainika, sasa anazisaga kwa mwiko mpaka pasibaki hata kibonge. Nikamuuliza mbona anajichosha hivyo.

"Mzazi tumbo lake bado bichi, mwanangu. Ukimpa kipande, kinakaa."

Ukiipima ndizi kwa kanuni za Ayurveda, ni nzito na ya baridi. Nyama nayo ni nzito. Anayesoma orodha haraka angeumwaga mtori wote. Ila Charaka huyohuyo anataja mambo 8 ya kuangalia kabla ya kukilaumu chakula, na mapishi yamo, kiasi kimo, hata mlaji mwenyewe yumo. Kwa mzazi, tiba ya Kihindi huanza na uji mwepesi wa mchele wenye samli na viungo vikali, kwa sababu ileile aliyoitaja bibi. Kwa hiyo nampa bibi ushindi dhidi ya wale wanaogawa vyakula katika makundi mawili, vizuri na vibaya, na kuishia hapo.

Mbege niliionja kwa heshima ya wenyeji. Ndizi mbivu zilizochemshwa, kimea cha ulezi, na ukali wa magome ya msesewe. Mti huo ni Rauvolfia caffra, ndugu wa Rauvolfia serpentina ambao Wahindi wameutumia tangu zamani kutuliza akili na kuleta usingizi, na ambamo mwaka 1952 wanakemia walitoa reserpini, dawa ya shinikizo la damu. Wazee wa kilabuni hawakuhitaji habari hiyo. Walitaka nimalize kibuyu.

Kambi ya Horombo, mita 3,720. Hapa ndipo kipengele cha mahali na hewa kilipoacha kuwa maneno. Njaa iliniaga njiani. Wali uliokuwa mtamu kambi ya Mandara, mita 1,000 chini, sasa ulinichefua, na nilicheua hata maji. Kiongozi wangu aliniwekea supu ya tangawizi bila kuniuliza. "Kaka, huku hatusubiri njaa. Kunywa kidogo kidogo." Sababu ni uhaba wa oksijeni: juu kabisa, kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, mtu huvuta karibu nusu tu ya aliyoizoea pwani, na hamu ya chakula ni miongoni mwa vitu vinavyotoweka mapema. Charaka hakuijua oksijeni, ila tangawizi imo katika dawa zake za kuuchochea moto. Kanuni ya babu wa dukani tu ndiyo haikufaa: huku ukisubiri cha mchana kishuke, hutakula mpaka utakaposhuka mwenyewe.

Moshi tena. Jambo zito zaidi la koo na tumbo mkoani hapa halimo katika sura ya 15. Saratani ya umio ni mzigo mkubwa Kilimanjaro, na watafiti waliopima chai watu wanapopiga funda la kwanza walichapisha mwaka 2015 kwamba joto lake kwa wastani linapita nyuzi 70. Mwaka uliofuata, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kuwa vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 yaelekea vinasababisha saratani. Chai ya maziwa inayochemshwa pamoja na majani ndiyo ya moto zaidi, nayo ndiyo kila nyumba ilinipa. Charaka analaumu baridi. Kuhusu kikombe kinachounguza ulimi, namsikiliza daktari.