Maji Yajifichayo Ndani ya Difu

Sisi watu wa Machakos hatuna haja ya kufundishwa kwamba maji hujificha. Wakati wa kiangazi mito yetu kama Thwake huonekana mchanga mtupu toka ukingo huu hata ukingo wa pili, na mgeni apitaye husema mto umekufa. Lakini mama aliye na jembe na kibuyu huchimba kidogo tu, akachota maji ya kupikia. Nimetaja habari hii kwa sababu jambo nitakalo kulieleza lafanana nayo, yaani maji yaingiayo katika ekseli na difu ya gari, yakakaa chini ya oili kimya kimya, wala mwenye gari asiyajue.

Kila mkulima wa kwetu ajua kwamba mvua huja mara mbili kwa mwaka, ile ya Machi hata Mei, na ile ya Oktoba hata Desemba ambayo twaitegemea zaidi. Wakati huo njia za Masinga, Yatta na Mwala hukatwa na mito, na udongo mweusi wa nyanda za Athi na Kapiti hugeuka uji unatao. Na ndio wakati gari lihitajiwapo sana, kwa kuwa mbegu zapasa kufika shambani, maziwa kufika sokoni, na mgonjwa kufika kwa daktari.

Jirani yangu mmoja alikuwa na pikapu yenye nguvu katika magurudumu yote manne. Katika mvua za Novemba alivuka mito kila siku, na watu wakamsifu. Mvua zilipokwisha akaliosha gari lake likang'aa. Usiku mmoja wa Februari aliitwa ampeleke hospitali mama mwenye uchungu wa kuzaa, nami nikafuatana nao. Barabara ilikuwa kavu, vumbi tupu. Tulipokaribia Katangi, gari likaanza kunguruma upande wa nyuma, kisha pakasikika kishindo, na magurudumu ya nyuma yakakaza yasigeuke tena. Tulingoja gari jingine kwa muda wa saa mbili na zaidi, gizani, huku mama yule akiugua. Mungu alitujalia, mtoto akazaliwa salama.

Siku ya pili nilikuwapo fundi alipoifungua difu. Palitoka kitu cheupe kama chai ya maziwa, na beringi zilikuwa zimeliwa na kutu. Watu waliokuwapo wakasema kwamba difu imeharibika Februari. Yule fundi akatikisa kichwa akasema, "La, hii ilikufa Novemba. Februari ilikuwa siku ya maziko tu."

Yafaa basi tuelewe jinsi maji yaingiavyo. Gari likienda mwendo mrefu, difu hupata moto, na hewa iliyomo ndani hutanuka. Kwa hiyo watengenezaji waliweka juu ya ekseli tundu dogo la kupumulia. Gari likitumbukia mtoni likiwa bado moto, chuma hupoa ghafula, hewa ya ndani husinyaa, na difu huvuta pumzi kama mtu aliyeshtuka. Ikiwa tundu lile limo chini ya maji, huvuta maji. Na ikiwa limezibwa na matope, difu huvuta kupitia penye sili za oili, ndizo zile pete za mpira zizuiazo oili isitoke, nazo hazikuundwa kustahimili kuvutwa namna hiyo. Maji yakichanganyika na oili, oili hupoteza utelezi wake, meno ya gia husagana chuma kwa chuma, na kutu huanza hata gari likiwa limesimama nyumbani.

Dawa ya kwanza ni tundu lenyewe. Lisafishwe mara kwa mara. Afadhali zaidi kulifungia mpira mwembamba usioyeyushwa na oili, ukapandishwa juu mpaka karibu na injini au chini ya bodi, mahali ambapo maji hayafiki. Magari mengine hutoka kiwandani yakiwa na mpira huo, lakini hukatika au kuchomoka, na yapasa kuutazama.

Dawa ya pili ni subira. Ukifika penye mto wa kina baada ya safari ndefu, usiingie mara moja. Simama, acha ekseli zipoe, nawe upate nafasi ya kuyaangalia maji. Lakini hapa nataka nieleweke vema. Mto uliojaa, unaokwenda kasi, hauvukwi hata kwa gari lenye difu mpya. Tarehe 4 Desemba 2021 mto Enziu, karibu na Mwingi katika nchi jirani ya Kitui, ulilichukua basi lililojaa watu waendao arusini, na zaidi ya watu 30 wakafa.

Dawa ya tatu ni uchunguzi. Baada ya kuvuka maji yaliyofunika ekseli, acha gari lilale usiku mmoja mahali palipo sawa. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, fungua kwanza kizibo cha kujazia oili, kisha ulegeze kidogo kile cha chini. Maji ni mazito kuliko oili, basi yakiwamo yatatangulia kutoka. Ukiona maji, au oili iliyogeuka rangi ya maziwa, imwage yote katika chombo, wala si shambani, ujaze mpya ya namna iliyotajwa na kitabu cha gari, mpaka ifike kwenye ukingo wa tundu la kujazia. Tazama pia sumaku ya kizibo, kama ipo. Unga mwororo wa kijivu si ajabu, lakini vipande vya chuma ni habari mbaya, na hapana budi fundi aitwe.

Matope nayo yasidharauliwe. Yakikauka juu ya ekseli huwa magumu, na chembe za mchanga husugua midomo ya sili kama msasa. Yaoshwe yakiwa bado mabichi, lakini mpira wa maji yenye nguvu nyingi usielekezwe penye sili wala penye tundu la kupumulia, maana utayaingiza yale unayotaka kuyatoa. Tena gari likikwama, usilazimishe gurudumu moja kuzunguka bure huku jingine limesimama. Wakati huo gia ndogo za ndani ya difu huzunguka kwa kasi kubwa mno, na huweza kuungua. Shuka uchimbe, uweke mawe na matawi chini ya gurudumu.

Wako wasemao kwamba oili ni ghali, na gari halijalalamika. Lakini mkulima wa Machakos hachimbi matuta ya fanya juu siku ambayo udongo umekwisha kuchukuliwa. Huyachimba jua likiwaka, akicheka au akichekwa. Lita chache za oili na kipande cha mpira si kitu mbele ya bei ya difu nzima, wala mbele ya saa mbili za giza njiani pamoja na mtu anayeugua.

Basi, ndugu msomaji uliye na gari, au uliye karani wa chama chenye gari, tenga asubuhi moja kabla ya mvua za Oktoba, na nyingine mara zinapokwisha. Lala chini ya gari, tazama sili, safisha tundu, legeza kizibo. Mikono itachafuka, nayo huoshwa kwa sabuni.