Poda ya Mponela

Mwezi uliopita nilishuka Mponela kwa nia ya kununua kopo moja la poda, nikakuta duka nililozoea kununulia, kwa muda wa miaka ishirini na kitu, limebomolewa, matofali yake yamerundikwa kando ya barabara kuu iendayo Kasungu, na vijana wawili wamechutama juu ya rundo wakiyabandua saruji kwa nyundo ili yauzwe upya. Mjukuu wangu, aliye darasa la nane na ambaye nilimchukua anisaidie kubeba mzigo, alinitazama nilivyosimama pale kama mtu aliyefika mazikoni baada ya watu kutawanyika, kisha akaniuliza, "Babu, poda ya nini, nasi nyumbani hatuna mtoto mchanga?"

Swali hilo lilinichoma, ingawa halina ubaya, kwa sababu mbili: kwanza, lilinidhihirishia kwamba jambo ambalo kwetu lilikuwa nusu ya mtihani halikupata kumfikia masikioni, na pili, nilipata kulisikia swali lilo hilo, kwa maneno mengine, kinywani mwa mwenye duka ambalo sasa ni matofali.

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa Ujiji aliyevuka ziwa na kutua Uvira, akafundisha chuoni watoto wa Kiislamu kwa Kiswahili alichokuja nacho, na kwake neno mtihani lilikuwa zito kuliko lilivyo kwetu leo. Tumelipokea kutoka kwa Waarabu, na wazee wetu walilitumia kwa maradhi, kwa njaa, kwa kufiwa na mwana. Mtu akipatwa na dhiki aliambiwa kuwa Mola amemtia katika mtihani. Kwa hiyo niliporudi kutoka shule ya Wabelgiji, ambayo wakati huo ilikwisha kuwa shule ya Wazaire, nikamwambia kwamba mwakani nitafanya mtihani, alinishika mkono akaniombea dua kana kwamba nasafiri.

Mtihani wenyewe ni ule wa Dola, ambao Wakongomani huuita Exetat. Ulianza mwaka 1967, nikiwa mtoto wa miaka saba, na karatasi zake zilitungwa Kinshasa kwa nchi nzima, ili mtoto wa Uvira, wa Mbandaka na wa Lubumbashi waulizwe maswali mamoja. Nimekuwa nikiwaambia watu kwamba mimi niliufanya mwaka 1978. Juzi nimefungua diploma nikakuta imeandikwa 1979. Basi na iwe 1979. Ninachokikumbuka kwa yakini ni kwamba mvua zilikwisha, vumbi lilikuwa likiteremka kutoka milimani, na bahasha ziliingizwa chumbani zikiwa zimetiwa lakiri, msimamizi akazinyanyua juu ili kila mmoja wetu ashuhudie kwamba hazijaguswa. Tangu siku hiyo hadi leo sijaona tendo la serikali lililonipa taadhima kama lile la mtu mzima kumwonyesha kijana wa kimaskini kwamba hajadanganywa.

Matokeo yalipotoka, mama yangu, ambaye hakujua kusoma hata jina lake, alichukua kopo la poda alilolinunua kabla na kulificha ndani ya ndoo ya mchele, akanimwagia yote kichwani, usoni na mabegani, majirani wakaja na makopo yao, na jioni ile vijana waliofaulu tulipita mitaani weupe kama watu waliotoka kusaga unga, tukiimba mpaka ufukweni. Desturi hii inajulikana Kongo nzima. Harufu ya poda ile iliyochanganyika na jasho na vumbi la Uvira ndiyo kwangu harufu ya elimu, wala sijui nyingine.

Vita vilivyotokea kwetu mwaka 1996 msomaji anavijua. Nitasema tu kwamba nilivuka kwenda Kigoma, nikafika Mbeya, nikaupita mto Songwe, nikalala Karonga, na kwa muda wote huo diploma ilikuwa imeshonewa ndani ya bitana ya koti, katika mfuko wa nailoni, kwa mkono wa mke wangu.

Dzaleka, nchini Malawi, tulikofikia mwishowe, ilikuwa kambi ya wakimbizi tangu 1994, na kabla yake ilikuwa gereza walimofungwa watu wa siasa katika zama za Dakta Banda. Wenyeji walitueleza kwamba jina lake ni kilio cha mfungwa aahidiye kwamba hatarudia tena. Sisi hatukuwa na la kuahidi. Serikali ya Malawi ilipoingia katika mapatano ya wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti tisa ya kujihifadhi, na miongoni mwa mambo iliyoyawekea mpaka ni kazi ya mshahara, mwendo wa kwenda mtu atakako, na elimu ya umma. Diploma yangu niliipeleka katika ofisi moja mjini Lilongwe, na bwana aliyekuwa mezani, baada ya kuigeuza mbele na nyuma, alinirudishia akisema kwamba karatasi ya Kifaransa haina mizani ya kuipimia hapa. Nilirudi kambini kwa miguu sehemu ya njia kwa sababu ya hasira.

Hata hivyo watoto walikuwa wengi na walimu wachache, nikapewa chaki. Na chaki ndiyo iliyonipeleka Mponela.

Duka lile lilikuwa la Myao mmoja wa upande wa Mangochi, mtu mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya kitani isiyopata kuwa chafu, aliyesoma Kurani utotoni na kuokota Kiswahili kwa walimu wake, basi akanisalimu kwa salamu ambayo sikuitarajia katika nchi ile, nami karibu nitoe machozi. Niliteremka pale kutoka kwenye basi dogo mara moja kwa mwezi. Mimi nilimwita Bambo, kama wenyeji wamwitavyo mtu wa heshima, naye aliniita Mwalimu, na kwa miaka yote hatukuulizana majina zaidi ya hayo. Ndani mlikuwa na giza la ubaridi. Mkono wa kulia palikuwa na mafuta ya taa, sabuni za mche na chumvi. Wa kushoto, juu ya rafu alizozipangusa mwenyewe kila asubuhi, palikuwa na madaftari, kalamu, chaki, karatasi za kaboni, wino wa kurudufia, na mafungu ya karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, yaliyofungwa kwa uzi mweupe na kupangwa kwa somo na kwa mwaka. Katika msimu wa kuuza tumbaku, malori yakipita mlangoni kuelekea mnadani Lilongwe, harufu ya majani yale ilijaa dukani ikajitia katika karatasi, hata nilipofungua fungu la maswali ya hesabu mbele ya darasa, watoto walisema, "Mwalimu, mtihani unanuka tumbaku."

Katika mwaka ambao watoto wa kwetu walifaulu kwa wingi mtihani wa darasa la nane, ule unaotungwa na Baraza la Mitihani la Malawi kwa watoto wa nchi nzima, wazazi wa Kikongomani walishuka Mponela wakamaliza poda yote ya dukani kwa siku moja. Niliposhuka mimi, alinikalisha juu ya gunia la maharage, akaniuliza kwa wasiwasi wa kweli, "Mwalimu, Dzaleka wamezaliwa watoto wangapi?" Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kwao mtoto aliyehitimu Kurani hufanyiwa karamu, kwa hiyo amefahamu. Tangu mwaka ule, majira ya matokeo yakikaribia, alipanga makopo ya poda katika rafu ya kushoto, baina ya kalamu na karatasi za mitihani, mahali pake hasa.

Siku moja nilikuwapo alipoingia kijana aliyevaa vizuri, akamnong'oneza kama anazo karatasi za kesho. Bambo hakupandisha sauti. Alitoka nyuma ya meza, akamshika kijana yule begani, akampeleka mpaka barabarani, akarudi akanawa mikono kwa maji ya kwenye ndoo, ndipo akaendelea kunihesabia chaki.

Naandika haya kwa sababu siku hizi nasikia, kambini na nje ya kambi, maneno mengi ya kuulaani mtihani mmoja wa watoto wote. Wakenya wameufuta ule wao wa darasa la nane: ulianza 1985, na watoto wa mwisho wameufanya 2023. Walimu vijana wananiambia kwamba mtihani unamtia mtoto fadhaa, kwamba unapima kumbukumbu na kuacha akili, kwamba saa mbili haziwezi kuhukumu miaka minane. Sikatai. Nimewaona watoto wakitapika nje ya mlango wa mtihani. Lakini nawauliza: mtoto wa Dzaleka, asiye na shamba, asiye na mjomba ofisini, asiyeruhusiwa kwenda atakako, ni kitu gani kingine katika nchi hii kinachomfikia vile vile kinavyomfikia mtoto wa wakubwa wa Lilongwe? Chakula hakiko hivyo, wala kitanda, wala mwalimu. Karatasi ile iliyofungwa ndiyo pekee. Anayeisahihisha huona namba, haoni kabila wala hema. Mkitaka kuiondoa, nawasihi mtuambie kwanza mtaweka nini mahali pake, maana barua ya sifa kutoka kwa mkuu wa shule ni kitu ambacho watu wetu hawakupata kupewa kwa wepesi.

Dosari ya mtihani naijua vema kuliko wanaoulaani, kwa kuwa nimeigusa kwa mkono. Katika mtihani wa darasa la nane limo somo la Kichewa, na mtoto aliyefika juzi kutoka Fizi, kwetu Kongo, huketi pamoja na mtoto aliyenyonya lugha hiyo. Kichewa na Kiswahili ni ndugu, na undugu wao ndio mtego. Nilikuwa na mvulana mmoja hodari wa hesabu kuliko wote niliopata kuwafundisha. Katika jaribio la shule aliletewa habari ya baba mmoja, iliyoanza kwa maneno "Bambo anapita ku msika," yaani baba alikwenda sokoni. Mvulana, kwa Kiswahili chake, akafahamu kwamba baba alipita karibu na soko asiingie, na kwa msingi huo akajibu maswali yote, kwa mantiki iliyo timamu, kwa hati nzuri, na yote yakawa makosa. Nilikaa na karatasi yake usiku mzima karibu na kibatari. Hakuna jibu lililokuwa la kijinga. Insafu ilikuwa kumpa mwaka mmoja wa kujifunza lugha kabla ya kumpima kwa lugha hiyo, na jambo hili nimelisema katika vikao vya wazazi na walimu tangu nilipokuwa na meno yote, nitalisema tena nikialikwa.

Yaliyofuata yamekwenda mbio. Mwaka 2007 walihamishiwa kwetu watu wa kambi ya Luwani iliyofungwa, madarasa yakafurika. Ikafika 2010, Wajesuti wakaleta masomo ya chuo kikuu kwa kompyuta, na vijana wetu wakasomeshwa na walimu walio ng'ambo. Kambi iliyokusudiwa watu takriban elfu kumi ikapita elfu hamsini. Wino wa kurudufia ukatoweka, karatasi za zamani zikaingia katika simu, na badala ya fungu lililofungwa kwa uzi ambalo mtoto alilipitia mwezi wa mwisho, kukazuka masomo ya ziada ya kulipia, ambamo tangu darasa la tano mtoto hafanyi kitu ila kukariri majibu ya maswali yaliyokwisha kuulizwa. Huku ndiko kuuharibu mtihani hasa: ulikuwa mlango mwishoni mwa ukumbi, wameufanya kuwa ukumbi mzima. Kisha ikaja 2020, maswali ya kidato cha nne yakavuja hata mitihani ikafutwa nchi nzima ikiwa inaendelea, na watahiniwa, wa Dzaleka na wa kwingineko, wakaambiwa warudi wajiandae upya. Nilimfikiria Bambo na ndoo yake ya maji. Nadhani alikuwa amekwisha kufariki; mwanawe ndiye aliyeshika duka, na rafu ya kushoto ilikuwa imejaa chaja za simu.

Siku ile ya matofali tulivuka barabara, mjukuu wangu nami, tukaingia katika duka kubwa lenye taa mchana, tukapata poda. Kopo lake ni la plastiki, na harufu yake sikuitambua. Nikamweleza mtoto habari yote njiani, tumebanana katika basi dogo na magunia ya soya ya watu, nikamwambia kwamba kopo hili ni lake na halitafunguliwa mpaka matokeo. Alilishika mapajani muda mrefu. Tulipokaribia njia panda ya Dowa akauliza, bila kunitazama, "Na nikikosa, Babu?"

Nikamwambia jambo ambalo sijapata kuliandika popote. Mwaka ule wa 1979 mama alinunua makopo mawili, maana tulikuwa wawili, mimi na kaka yangu, na kaka alikosa. Kopo lake lilirudishwa katika ndoo ya mchele, mama hakusema neno, wala hakumpa jirani aliyeliomba kwa ajili ya mwanawe. Mwaka wa pili kaka akakosa tena. Wa tatu alifaulu, na kopo lilipofunguliwa, poda ilikuwa imeshikana kwa unyevu wa ziwa, ikambidi mama aichokoe kwa kijiti na kuigonga chini ya kopo kwa kiganja, kidogo kidogo, kaka amepiga magoti mbele yake akingoja, mpaka ikatoka yote.